Kuifuata mali hadi irudi: mwongozo wa kuzuia na kutaifisha mali ya uhalifu Zanzibar

Mtu akifungwa miaka 7, na nyumba aliyoijenga kwa fedha za wizi ikabaki kwa jina la shemeji yake huku wapangaji wakilipa kodi kila mwezi, uhalifu umemlipa. Mwongozo huu ni wa mpelelezi, mwendesha mashtaka, wakili, na pia kiongozi wa ushirika au kikundi kilichoibiwa, Unguja na Pemba, anayetaka kujua mali hutafutwaje, huzuiwaje, hutunzwaje na hurudishwaje. Jambo moja tunalisisitiza tangu mwanzo: upelelezi wa mali unaanza siku ile ile unapoanza upelelezi wa kosa. Anayesubiri hukumu ndipo aulize nyumba iko wapi, atakuta imeshauzwa na aliyenunua naye ameshauza.

Sheria na nyenzo zilizopo

Sheria kuu kwa Zanzibar ni Sheria ya Kuzuia Utakasishaji wa Fedha Haramu na Mapato ya Uhalifu, Nambari 10 ya 2009. Imefanyiwa marekebisho, kwa hiyo fanya kazi na nakala yenye marekebisho yote, si ile ya zamani inayozunguka kwenye simu za watu. Pembeni yake zipo Sheria ya Adhabu Nambari 6 ya 2018 na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai Nambari 7 ya 2018. Kesi za rushwa na uhujumu wa uchumi hupelelezwa na ZAECA, Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu wa Uchumi Zanzibar. Za dawa za kulevya na mamlaka yake. Nyingine na Polisi. Wote hao wakishamaliza, jalada linakwenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar, na ndiye anayesimama mahkamani kuomba mali izuiwe au itaifishwe. Bara wana sheria yao, Sheria ya Mazao ya Uhalifu, Sura 256, iliyotungwa 1991, na ofisi yao ya mashtaka. Usichanganye vifungu vya sheria hizi mbili kwenye ombi moja. Wakili wa upande wa pili atalipiga pingamizi kabla hujafika kwenye hoja.

Nyenzo zenyewe ni chache, na kila moja ina kazi yake. Amri ya kutoa nyaraka inamlazimisha mwenye kumbukumbu, mara nyingi benki, azitoe. Amri ya zuio inaigandisha mali ilipo bila kumnyang'anya mtu umiliki. Amri ya kutaifisha inaihamisha mali yenyewe kwenda serikalini, kwa sababu imetokana na kosa au imetumika kulitenda. Amri ya kulipa thamani haigusi kitu maalumu: inamtaka aliyetiwa hatiani alipe kiasi sawa na faida aliyoipata, hata kama fedha zile zimekwishaliwa. Kisha kuna amri ya fidia kwa aliyeumizwa, na nje ya jinai kabisa kuna kesi ya madai. Kosa la mara kwa mara ni kuomba kutaifisha gari lililokwishauzwa Tanga, wakati kilichotakiwa ni amri ya thamani.

Hatua ya 1: chora ramani ya mali kabla hujamgusa mtu

Anza na majina, kwa sababu hapa ndipo visiwani tunapokosea zaidi. Juma Ali Juma wako wengi, na mtu mmoja anaweza kuwa Khamis benki, Hamis kwenye leseni na Hamisi kwenye hati ya mauziano. Mohammed, Mohamed na Muhammad vivyo hivyo. Tengeneza ukurasa mmoja wenye tahajia zote za jina la mshukiwa, Nambari ya Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, nambari ya NIDA kama anayo, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, na kila nambari ya simu aliyowahi kuitumia. Ukurasa huo ndio unaoambatanishwa na kila ombi. Benki ikipewa jina tupu itafanya moja kati ya mawili: itasema haimpati, au itafunga akaunti ya mwalimu wa skuli asiyehusika, nawe utakuwa umetangaza siri yako kwa watu wasiotakiwa kuijua.

Fanya ukurasa wa namna hiyo pia kwa wake, watoto wakubwa, ndugu wa karibu, dereva na mshirika wa biashara. Hawa si washukiwa kwa kuwa ndugu tu, na wengi wao hawana habari. Lakini mali iliyofichwa huwa kwa mtu anayeaminiwa.

Ardhi inahitaji subira. Kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi Nambari 12 ya 1992, ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma na imekabidhiwa kwa Rais. Alicho nacho mtu ni haki ya matumizi. Kiwanja kilichosajiliwa utakipata Kamisheni ya Ardhi, na uhaulishaji unaofuata taratibu hupita Bodi ya Uhaulishaji wa Ardhi, kwa hiyo majalada ya Bodi yanaonyesha muuzaji, mnunuzi na bei iliyotajwa. Hata hivyo nyumba na viwanja vingi vimehama kwa karatasi iliyoandikwa mbele ya sheha na mashahidi wawili watatu. Rejista haitakuonyesha hayo. Nenda kwa sheha, omba kuona daftari lake, uliza aliyeuza alilipwa kwa njia gani: taslimu, benki au simu? Muuzaji ni shahidi mzuri kuliko karatasi, kwa sababu anajua nani hasa alikuja na mfuko wa fedha, hata kama jina lililoandikwa ni la mtu mwengine. Bei iliyoandikwa nayo isikushike. Wengi huandika ndogo kukwepa ada.

Pemba ongeza jambo jengine: miti. Zanzibar mtu anaweza kumiliki mikarafuu au minazi iliyosimama kwenye ardhi ambayo si yake. Ukiorodhesha shamba bila kuhesabu miti na kuuliza ni ya nani, ama utaacha mali nje ya amri, ama utaizuia mikarafuu ya jirani. Nenda na sheha na mwenye kujua mipaka, hesabu miti inayozaa, andika idadi, piga picha, chora mchoro. Mapato ya karafuu yana njia nzuri ya kuyafuatilia, kwa sababu mnunuzi halali ni mmoja, ZSTC, yaani Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar, na kila mauzo yana stakabadhi yenye jina, uzito na daraja. Stakabadhi hizo zinaweza pia kumtetea mshukiwa. Zichukue zote, zinazomtetea na zinazomuumiza.

Kwingine ni wepesi zaidi. Kampuni na majina ya biashara yako BPRA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali: soma wakurugenzi, wenye hisa, anuani, na tarehe ya kuanzishwa, hasa ikiwa kampuni ilizaliwa wiki chache kabla ya zabuni. Magari yana rejista yao na vibao vinavyoanza na Z. Vyombo vya baharini vikubwa huulizwa Mamlaka ya Usafiri Baharini. Mashua ndogo waulize wavuvi dikoni, wanamjua mwenyewe. Mamlaka ya mapato ina ritani za kodi, na ritani ni silaha: aliyetangaza mapato ya milioni 6 kwa mwaka atapata taabu kudai mahkamani kwamba alikuwa akiingiza milioni 60.

Benki na makampuni ya simu hayatoi taarifa za mteja kwa barua ya kirafiki. Unahitaji amri. Omba vitu kwa majina: fomu ya kufungulia akaunti, nakala ya kitambulisho kilichotumika, karatasi ya saini, taarifa ya miamala kuanzia miaka miwili kabla ya kosa, hati za kuwekea fedha taslimu zenye mwandiko, na orodha ya nambari za simu zilizounganishwa. Hati ya kuwekea fedha ina thamani kubwa kwa sababu inaonyesha nani alikuja kaunta. Kwa pochi ya simu omba pia eneo la wakala aliyepokea fedha. Miamala 20 kwa wakala mmoja wa Darajani ndani ya saa 2 inasema mengi.

Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu kinapokea taarifa za miamala yenye shaka kutoka benki na wengineo. Ukipewa taarifa yao, ichukulie kama kidokezo cha kukuonyesha njia. Usiiambatanishe kwenye hati ya kiapo. Ifuate, pata nyaraka zenyewe kwa amri ya mahkama, kisha tegemea nyaraka. Ukikiuka hapo unamfichua aliyetoa taarifa, na maofisa wa benki wengine watajifunza kunyamaza.

Hatua ya 2: pima pengo

Pale ambapo huwezi kuifuata kila shilingi, pima tofauti kati ya alichoingiza mtu kihalali na alichonacho. Hesabu yenyewe ni rahisi. Taabu iko kwenye nidhamu. Tuchukulie mfano wa kubuni wa ofisa manunuzi, kuanzia Januari 2020 hadi Desemba 2023, miezi 48.

Mshahara baada ya makato ni shilingi 850,000 kwa mwezi, sawa na 40,800,000. Posho zilizothibitishwa ni 9,200,000. Stakabadhi za karafuu zinaonyesha 12,000,000. Mapato halali yote: 62,000,000.

Mwanzoni alikuwa na akiba ya benki 3,000,000, hana nyumba. Mwishoni ana kiwanja Fuoni cha 30,000,000, jengo lililogharimu 95,000,000, gari la 24,000,000 na benki 16,000,000. Jumla 165,000,000. Ana mkopo wa benki uliobaki 20,000,000, utoe: 145,000,000. Ondoa zile 3,000,000 za mwanzo. Mali imeongezeka kwa 142,000,000. Alikula pia: weka matumizi ya nyumbani kwa kiwango cha chini kinachotetewa, 500,000 kwa mwezi, yaani 24,000,000. Kwa hiyo zimepita mikononi mwake 166,000,000. Toa 62,000,000 za halali. Pengo ni 104,000,000.

Hesabu hii huvunjika kwa sababu nne. Ya kwanza, kusahau deni. Mkopo halali unaeleza sehemu ya jengo, na wakili akiutoa mfukoni mbele ya jaji umekwisha. Ya pili, kuhesabu fedha mara mbili: milioni 5 zilizotoka benki kwenda kwenye simu na kurudi benki si milioni 10. Ya tatu, kuweka thamani ya leo badala ya gharama ya wakati ule. Kiwanja cha Fuoni kimepanda bei chenyewe na kupanda huko si wizi. Ya nne, kukadiria jengo kwa macho. Mpeleke mkadiriaji majenzi apime, ahesabu matofali, bati, milango na vigae, aandike ripoti kwa bei za mwaka uliojengwa. Matumizi ya nyumbani weka madogo; pengo dogo lisilotikisika ni bora kuliko kubwa lenye matundu.

Na muulize mwenyewe. Mali ya urithi, zawadi ya harusi, mchezo wa kibati (upatu), fedha kutoka kwa ndugu aliyeko Oman: kila jibu lina karatasi au shahidi wake. Jibu lililochunguzwa na kuonekana la uongo lina nguvu kuliko swali lisiloulizwa.

Hatua ya 3: ombi la zuio

Ombi hupelekwa mahkamani upande mmoja, bila kumwita mwenye mali, kwa sababu ukimwita atahamisha. Kwa kuwa hayupo kujitetea, una wajibu wa kuyasema hata yale yanayomsaidia. Ukificha mkopo wake au stakabadhi zake za karafuu, amri inaweza kufutwa kwa kosa hilo peke yake, hata kama kesi yako ni nzuri.

Hati ya kiapo ya mpelelezi ieleze: kosa ni lipi na ushahidi uliopo, mshukiwa ni nani, kila mali kwa maelezo yanayoitambulisha pasi na shaka, kinachoiunganisha na kosa au na faida, kwa nini mali iko kwa jina la mtu mwengine, ikiwa ndivyo, na hatari ya kupotea. Hatari isiwe maneno matupu. "Mshukiwa anaweza kuhamisha mali" haitoshi. "Tarehe 4 alimwendea dalali na kutaka kuuza gari, maelezo ya dalali ni kielelezo cha 9" inatosha.

Maelezo ya mali yaende kwenye jaduweli nyuma ya amri. Kwa nyumba andika shehia, wilaya, nambari ya kiwanja kama ipo, majirani wa pande nne, vipimo, na picha. Kwa gari: kibao, nambari ya chasisi na ya injini. Kwa akaunti: benki, tawi, nambari, jina lilivyoandikwa huko. "Nyumba ya mshtakiwa iliyoko Mwanakwerekwe" ni maelezo ya kumpa mtu nafasi ya kuuza.

Lugha ya amri yenyewe iwe kama hivi: *Mlalamikiwa wa 1, mwenye kitambulisho kilichotajwa, yeye mwenyewe, wakala wake au mtu yeyote anayefuata maagizo yake, asiuze, asihaulishe, asiweke rehani, asitoe zawadi, asiweke wakfu wala asipunguze kwa njia yoyote thamani ya mali zilizotajwa kwenye Jaduweli.* Maneno ya zawadi na wakfu yasiachwe. Kwa akaunti eleza waziwazi kwamba fedha zisitoke lakini ziruhusiwe kuingia. Akaunti iliyofungwa pande zote inakunyima mapato yanayoendelea kuja na inakunyima kujua nani bado anamlipa. Weka kifungu cha matumizi ya lazima ya familia na ada ya wakili kwa kiwango kitakachopangwa na mahkama. Amri isiyowaachia watoto chakula itapingwa wiki ya kwanza, na kwa haki.

Utekelezaji ni suala la saa. Panga benki zote, kampuni za simu, Kamisheni ya Ardhi na rejista ya magari zipate nakala asubuhi moja, watu tofauti wakiwa milangoni kwa wakati mmoja, na kila mmoja apigiwe muhuri wa saa aliyopokea. Mwenye mali apewe nakala baada ya hapo, siku hiyo hiyo. Usichague Alhamisi jioni wala Ijumaa. Ofisi zinafungwa, pochi ya simu haifungwi. Ukishamaliza, andika kwenye daftari la ofisi tarehe ya mwisho ya amri na tarehe ya kuomba kuongezwa muda, wiki mbili kabla. Zuio likipitwa na siku moja, milango yote iko wazi.

Hatua ya 4: siku ya upekuzi

Fedha taslimu zihesabiwe pale pale mbele ya mwenye nyumba, sheha au shahidi huru, kwa aina ya noti na kwa sarafu ya nchi, ziandikwe, zifungwe, zitiwe saini na wote. Zipelekwe benki kwenye akaunti maalumu isipokuwa noti zenyewe zina alama zinazohitajika kama ushahidi. Fedha zilizokaa kwenye kabati la kituo huleta maswali yasiyo na majibu. Dhahabu ipimwe kwa gramu, kila kipande na picha yake, na sonara athibitishe ubora. Dhahabu ya karati 22 ina karibu asilimia 91.6 ya dhahabu safi, na tofauti na ya karati 18 ni fedha nyingi. Andika "rangi ya dhahabu" kwenye orodha ya awali, si "dhahabu", mpaka ipimwe. Tahadhari na mahari na mapambo ya mke: mali ya mke ni yake, na dhahabu aliyovaa siku ya harusi, kabla ya kosa, haina kazi kwenye orodha yako.

Simu iwekwe hali ya ndege mara moja ili isifutwe kwa mbali. Sarafu za kidijitali zina mtego wake: anayemiliki maneno ya siri, 12 au 24, ndiye mwenye fedha, popote alipo. Tafuta karatasi yenye maneno hayo yaliyopangwa kwa nambari, ndani ya msahafu, nyuma ya fremu, kwenye picha za simu. Kushika kifaa hakutoshi. Ndugu mwenye nakala atazihamisha usiku huo. Uwe na ruhusa ya mahkama na mtaalamu wa kuzihamishia kwenye pochi ya serikali papo hapo.

Uwanja wa ndege na bandari ya Malindi ni mahali pengine pa kukamata. Msafiri anayevuka mpaka wa nchi na fedha taslimu za dola 10,000 au zaidi, au thamani yake, anatakiwa kuzitangaza. Fomu aliyoijaza, au kutokuwepo kwa fomu, ni ushahidi.

Hatua ya 5: itunze

Hapa ndipo mali nyingi hufa. Gari lililoegeshwa nyuma ya kituo kwa miaka 3 kwenye hewa yetu ya chumvi linabaki bodi na kutu. Mali inayoharibika au inayokula gharama iombewe amri ya kuuzwa mapema, kwa mnada wa wazi, fedha zikae kwenye akaunti yenye faida hadi kesi iishe. Akishinda mshtakiwa, atapewa fedha, akishindwa, zimehifadhika. Nyumba iachiwe wapangaji waliomo, wapewe barua inayoelekeza kodi ilipwe kwenye akaunti ya mahkama, na fundi aende kila baada ya miezi michache kuangalia paa.

Shamba la mikarafuu halisubiri tarehe ya kesi. Karafuu lazima ichumwe kabla tumba halijachanua, ianikwe, ifikishwe kituoni ikiwa kavu. Ikipita, msimu umekwenda. Omba mahkama imteue msimamizi kabla ya msimu, mwenye ruhusa ya kulipa wachumaji, kununua majamvi, kuweka mlinzi, na kupeleka stakabadhi za mauzo kwa Mrajis wa mahkama. Aandike pishi kwa pishi. Ng'ombe vivyo hivyo, na mashua: ama zifanye kazi chini ya usimamizi, ama ziuzwe. Tunasema hili kwa uzito kwa sababu serikali ikirudisha mali iliyooza kwa mtu aliyeshinda kesi, italipa yenyewe.

Hatua ya 6: kutaifisha

Mali itajwe tangu hati ya mashtaka na vielelezo vyake vitolewe ndani ya kesi ya kosa, ili baada ya hatia usianze kuita mashahidi upya. Ombi la kutaifisha lifuate haraka. Sheria ya Bara inatoa miezi 6 tangu kutiwa hatiani. Popote ulipo, usitumie hata mmoja kama jalada lako liko tayari.

Katika ombi hili kiwango cha uthibitisho ni cha madai, yaani upande upi una uzito zaidi, si kile cha kosa lenyewe. Waendesha mashtaka wapya hujibebesha mzigo usiowahusu hapa. Hata hivyo fedha zikichanganyika onyesha sehemu: nyumba ya 100,000,000 iliyojengwa kwa 60,000,000 za wizi na 40,000,000 za mkopo halali isiombwe yote. Omba sehemu hiyo, au thamani yake.

Watu wa tatu wapewe taarifa na nafasi. Mnunuzi aliyelipa bei ya haki bila kujua analindwa. Aliyenunua kwa nusu ya bei, taslimu, kutoka kwa mjomba wake, atakiwe afafanue. Kwa mali iliyowekwa wakfu, iite Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana mahkamani tangu mwanzo. Kamisheni hiyo hiyo ndiyo pia inayoshughulikia mirathi ya Waislamu. Mshtakiwa akifa, mali inaanza kugawiwa mara moja, na warithi hawana kosa. Mpelekee Kamisheni nakala ya zuio siku unayosikia msiba, kwa adabu na bila kelele, na usome kwenye sheria vifungu vya mtu aliyekufa au kutoroka kabla hujachagua njia. Kenya, kwa mfano, wana Wakala wa Kurejesha Mali chini ya sheria ya 2009 na hutaifisha kwa kesi ya madai bila kusubiri hatia ya mtu. Hukumu zao zinasomeka na zinafaa kwa hoja, ingawa hazifungi mahkama zetu.

Mali ikiwa Bara au ng'ambo

Usidhani amri iliyotolewa Tunguu au Chake Chake itajitekeleza yenyewe Kariakoo. Benki nyingi zina makao Dar es Salaam, na tawi la Unguja litasubiri makao. Zungumza na ofisi ya mashtaka ya Bara kabla ya kuomba zuio, si baada yake, ili wao waombe la kwao kwa mali iliyoko kwao, asubuhi ile ile.

Nje ya nchi, ombi rasmi hupitia kwa Mwanasheria Mkuu wa Jamhuri ya Muungano. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa 2005, na sura ya 5 ya mkataba huo inahusu kurejesha mali. Ibara ya 57 inataka fedha za umma zilizoibwa zirudi kwa nchi iliyoomba. Kabla ya barua rasmi tumia mitandao ya maofisa, ARINSA ya kusini mwa Afrika na ARINEA ya mashariki, kuuliza kama mali ipo kweli na ombi liandikweje. Barua ieleze ukweli wa kesi, maneno kamili ya vifungu, nambari ya akaunti, kiungo chake na kosa, na jambo moja moja unaloomba. Kwa nchi za Ghuba iwe na tafsiri ya Kiarabu. Uingereza wana amri ya kugandisha mali popote duniani iliyotokana na kesi ya Mareva ya 1975, na amri ya kumlazimisha mtu wa tatu afichue, ya Norwich Pharmacal ya 1973. Zote hupatikana kwa kesi ya madai, kwa gharama ya mawakili wa huko.

Fedha hurudi kweli. Baada ya kesi ya kampuni ya BAE Systems kuhusu rada, mwaka 2010, paundi milioni 29.5 zilirejeshwa na kuelekezwa kwenye elimu ya msingi, ile chenji ya rada. Novemba 2015, katika makubaliano ya Standard Bank mbele ya mahkama ya London, Tanzania ililipwa dola milioni 6 pamoja na riba.

Aliyeibiwa ajipange vipi

Mali iliyotaifishwa huenda serikalini, na wala si kwa aliyeibiwa, mpaka aseme. Tuchukulie watu 40 waliomlipa wakala wa safari ya Hija na safari haikuwepo. Wasubiri kesi ya jinai imalize? La. Siku ya kwanza kila mmoja aandike maelezo yake, aambatanishe stakabadhi, ujumbe wa simu na taarifa ya muamala, na orodha moja itengenezwe: jina, kitambulisho, kiasi, tarehe, njia ya malipo. Wachague wawili wa kuwasiliana na ofisi ya mashtaka na waombe kwa maandishi mambo mawili: zuio, na amri ya fidia mwishoni mwa kesi. Zuio likitangazwa, wafike mahkamani kama wenye maslahi.

Sambamba na hayo, wakili afungue madai na kuomba zuio la muda. Huko mahkama inaweza kumtaka mlalamikaji atoe ahadi ya kufidia hasara ikiwa zuio litaonekana halikustahili, kwa hiyo wasiombe kugandisha zaidi ya wanachodai. Na wasikubali kulipwa kimyakimya kwa masharti ya kuondoa malalamiko polisi: fedha wanazopewa watatu wa kwanza mara nyingi ni za wale 37 waliobaki. Malipo yoyote yapite kwa wakili au kwa Mrajis, yaandikwe, yagawiwe kwa uwiano wa orodha. Aliyelipa milioni 8 kati ya jumla ya milioni 320 anastahili asilimia 2.5 ya kila kinachopatikana, iwe gari limeuzwa au kodi ya mwezi imeingia.